Simu ya Upepo na Maji ya Chumvi

Mwezi wa Oktoba mwaka 1842, Samuel Morse, yule Mmarekani aliyeipa dunia alama za simu, alitandaza waya chini ya maji ya bandari ya New York ili kuwaonyesha watu kwamba habari yaweza kuvuka maji. Lakini kabla hadhara haijaishuhudia ajabu hiyo, meli moja iling'oa nanga, nanga ikapanda na waya, na mabaharia, wasijue ni kitu gani, wakaukata wakaenda zao. Fedheha ile ilimzalia Morse fikra nyingine: mwezi wa Desemba mwaka uo huo, katika mfereji mmoja wa mji wa Washington, alizamisha mabamba ya madini kwenye kingo mbili na kuyaacha maji yenyewe yauvushe umeme, na alama zikafika ng'ambo. Miaka 40 baadaye, waya wa kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, ulipokatika, William Preece wa idara ya posta alitumia hila ile ile katika maji ya chumvi ya mlango wa Solent, nayo ikafaa.

Katika taarikhi ya elimu hii, basi, bahari ilikuwa mjumbe kabla haijawa adui, na uadui wake ulidhihirika ilipozuka redio, kwa sababu iyo hiyo moja: maji yenye chumvi hupitisha umeme, na kinachopitisha umeme hulinyonya wimbi la redio na kuligeuza joto. Wimbi linalotikisika mara milioni moja kwa nukta, likitiwa baharini, hupunguka hadi kiasi cha theluthi ya ukubwa wake kila sentimita 25, yaani shibiri na kitu. Likitikisika mara 10,000, hupata mita mbili u nusu. Mkulima wa Mabogini, karibu na Moshi, akizamisha redio katika mfereji unaonywesha jaruba lake, huenda ikasikika mita chache; lakini redio hiyo hiyo akiitia katika bahari ya Pangani, ambako maji ya mito ya kwao huishia baada ya kupita bwawa la Nyumba ya Mungu, itanyamaza karibu na mkono wake.

Kabla redio haijazuka, pwani yetu iliunganishwa na ulimwengu kwa waya mnene uliolala sakafuni mwa bahari, ule wa mwaka 1879 kutoka Aden hadi Unguja na kuendelea Msumbiji na Durban. Wajerumani nao walisimamisha mlingoti wa simu ya upepo, yaani isiyo na waya, Dar es Salaam, na thamani yake ilipimwa kwa mizinga ya manowari ya Waingereza, Astraea, tarehe 8 Agosti 1914; lakini simu ile ilisema hewani tu. Kuwafikia walio chini ya maji kulihitaji mtambo wa ukubwa wa kutisha, kama ule wa Goliath, uliojengwa karibu na Kalbe, Ujerumani, na kuanza kazi mwaka 1943, kwa ajili ya nyambizi.

Kwa nini, basi, wataalamu wameirudia redio chini ya maji? Sauti, ambayo hukimbia majini kiasi cha mita 1,500 kwa nukta na ndiyo tegemeo la bahari kuu, ikifika penye maji haba hugonga sakafu, hugonga uso, hurudi mwangwi juu ya mwangwi, na kelele za mawimbi yanayovunjika mwambani huimaliza. Redio haijali kelele hizo. Fauka ya hayo, ina njia ya kupenya: wimbi hupanda mita chache hadi usoni, husafiri hewani juu ya bahari, kisha humteremkia mpokeaji, likiwa limelipa ushuru wa chumvi mara mbili tu.

Hata hivyo, katika matumbawe yetu utaratibu wa kale, usio na redio, ungalipo: kipimajoto kidogo hufungwa mwambani, hukaa miezi kikinakili joto, wala hakitamki neno mpaka mzamiaji akifuate. Kwa chombo cha namna hiyo, msiba kama ule wa mwaka 1998, matumbawe yalipogeuka meupe kwa joto, husomwa ukiisha kupita.

Mdomoni mwa mto Pangani hesabu ya redio ni ngumu zaidi. Chumvi hupanda mtoni maji yanapojaa, na hupanda mbali zaidi wakati wa kiangazi, mabanio ya kule juu yanapoyanywa maji ya mto. Kwa hiyo atakayetaka kutandaza pale vihisi vinavyotuma habari kwa redio itampasa, pamoja na majira ya bamvua, azijue na nyakati ambazo maji ya mto hupunguzwa na umwagiliaji wa kule juu.