Mwalimu Ohm na Hesabu ya Waya

Wasikilizaji, katika mkoa wa Katavi, toka Mpanda mjini hata vijiji vya mbali kama Sibwesa, watu wengi wameweka sola juu ya mapaa yao na betri ndani ya nyumba. Mara nyingine taa huwaka kwa unyonge, nuru yake nyekundu kama ya kibatari. Mwenye nyumba huilaumu betri, akauza mbuzi ili apate nyingine. Naye akiisha kuifunga, taa ni ile ile. Mara nyingi betri haina kosa. Kosa limo katika waya, nalo laweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi tu. Leo nitawasimulia habari za mwalimu wa shule aliyeipata hesabu hiyo, na taabu aliyoiona kwa ajili yake.

Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli, asiyepata shule kubwa, lakini alijifundisha hesabu mwenyewe akawafundisha na wanawe. Mwaka 1817 Ohm alipata kazi ya ualimu katika shule moja ya mji wa Köln. Zamani hizo umeme ulikuwa jambo geni. Volta, Mwitalia, alikuwa ametangaza betri yake ya kwanza mwaka 1800, na miaka michache baada ya Ohm kufika Köln wataalamu wakajua ya kuwa umeme upitao katika waya huigeuza sindano ya dira. Lakini waya huzuia umeme kwa kiasi gani, na kwa kanuni gani, hilo lilikuwa bado halijafumbuliwa.

Ohm alianza kwa betri za zamani zile, nazo zilimsumbua sana, maana nguvu zake hupungua wakati mtu angali akipima. Mtaalamu mwenziwe, Poggendorff, akamshauri atumie njia nyingine: aunganishe madini mawili, shaba na bismuthi, kisha akitie kiungo kimoja katika maji yachemkayo na kingine katika barafu. Umeme utokao hapo ni kidogo, lakini hutoka sawasawa. Basi mwaka 1826 akatwaa nyaya 8 za shaba, zote za unene mmoja, fupi kuliko zote inchi 2 na ndefu kuliko zote inchi 130. Akazifunga moja moja, na kila mara akaangalia sindano ya sumaku imegeuka kiasi gani. Hakubadili ila neno moja tu, nalo ni urefu. Akaona ya kuwa kadiri waya uzidivyo urefu ndivyo mkondo wa umeme upunguavyo, wala si ovyo, bali kwa kanuni moja.

Kanuni yenyewe twaisema hivi. Twaa msukumo wa umeme, upimwao kwa volti, uugawanye kwa mkondo, upimwao kwa ampea. Jibu ni ukinzani, yaani ule uzuiaji wa waya, nao hupimwa kwa omu. Msukumo ni kama kimo cha pipa la maji lililoinuliwa juu. Mkondo ni maji yatokayo katika mpira. Ukinzani ni wembamba wa mpira na urefu wake. Tena ukizidisha volti kwa ampea, wapata nguvu itumikayo, nayo hupimwa kwa wati.

Sasa tuitazame taa yetu. Balbu ya gari ya volti 12 na wati 24 huvuta ampea 2, maana 24 kugawanywa kwa 12 ni 2. Ukinzani wake ni 12 kugawanywa kwa 2, yaani omu 6. Tuseme waya wa kwenda na kurudi ni mrefu na mwembamba, una omu 1. Jumla ni omu 7. Mkondo hauwi tena ampea 2, bali 12 kugawanywa kwa 7, ndiyo 1.7 hivi. Taa yapata wati 17 na nusu tu, na wati karibu 3 zapotea bure kuupasha waya moto. (Ukinzani wa balbu hupungua kidogo ikipoa, lakini hesabu yetu haiko mbali na kweli.) Funga nyaya mbili za namna ile pamoja, na ile omu 1 huwa nusu. Gharama yake ni ndogo kuliko mbuzi.

Kitabu cha Ohm kilichapwa Berlin mwaka 1827. Alitumaini kupewa kazi katika chuo kikuu. Badala yake wengi hawakukijali, na wengine walikibeza. Akaacha kazi yake ya Köln, akaishi miaka kadhaa katika hali duni. Mwaka 1841 Royal Society ya London ikampa nishani ya Copley, nami naona ilikawia mno. Alifanywa profesa kamili huko Munich mwaka 1852, akafa mwaka 1854. Mkutano wa Paris wa mwaka 1881 ukalichagua jina lake liwe jina la kipimo.

Mwaka ule ule wa 1841, James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha pombe huko Salford, Uingereza, alitangaza neno lililobaki. Alikuwa amezungusha waya juu ya bomba la kioo, akalitia majini, akapima joto. Mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ukizidi mara tatu, huzidi mara tisa.

Mji wa Mpanda uliishi miaka mingi kwa umeme wa injini za dizeli. Baadaye ikajengwa njia ya umeme wa volti 132,000 kutoka Tabora, kupitia Ipole na Inyonga, mwendo wa kilomita zaidi ya 300. Kwa nini volti nyingi hivyo? Tuseme, kwa hesabu nyepesi, twataka kupeleka wati 1,000,000. Kwa volti 230 mkondo ungekuwa ampea 4,348. Kwa volti 132,000 ni ampea 7.6 tu. Katika waya ule ule, joto lipotealo hupungua zaidi ya mara 300,000. Umeme ukifika Mpanda, transfoma huushusha msukumo wake, na nyingine huushusha tena karibu na nyumba, hata zibaki volti 230 za kuwashia taa.