Zana za Kidijitali za Ubunifu

Mwalimu wa Muthangari, kati ya Lavington na Westlands, akiandaa andalio la somo huenda akasita: aandike “zana za ubunifu wa kidijitali” au “zana za kidijitali za ubunifu”? Wengi huona ni mamoja. Si mamoja. Katika Kiswahili, neno la -a huchukua upatanisho wa nomino linayoifafanua. Katika fungu la kwanza ubunifu ndio wa kidijitali, kana kwamba unatoka kwenye mashine. Katika la pili zana ndizo za kidijitali, na ubunifu unabaki kuwa wa mtoto. Mimi nashika la pili. Hata mtaala wa umilisi, uliosambazwa Kenya nzima mwaka 2019, umetenga ubunifu na ujuzi wa kidijitali, kila mmoja na nafasi yake.

Chukua Scratch, programu iliyotolewa na MIT ya Marekani mwaka 2007, ambayo ina hata Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Mwanafunzi wa gredi ya nne anataka kusimulia kisa cha sungura na fisi. Anachora wahusika, anarekodi “Paukwa!” kwa sauti yake, kisha anapanga vipande vya maagizo: nenda hatua 10, geuka, sema. Anabonyeza bendera ya kijani, na sungura anamkimbilia fisi badala ya kumkimbia. Darasa linaangua kicheko. Naye anarudi kwenye vipande vyake, kimoja baada ya kingine, kutafuta palipoharibika. Amelazimika kuupitia upya mfuatano wa kisa chake mwenyewe, kazi ambayo insha iliyorudi na wino mwekundu mara nyingi haimfanyishi.

Kishikwambi, kwa upande wake, ni kifaa tu. Serikali ilipoanza kupeleka vishikwambi shuleni kwa ajili ya darasa la kwanza mwaka 2016, baada ya ahadi ya vipakatalishi ya 2013, mjadala mwingi ulihusu zabuni, umeme na wizi. Mtoto atatunga nini nacho? Swali hilo lilisikika kwa nadra.

Kwa kipimo cha swali hilo, simu ya mwalimu yenye kinasa sauti, ikizungushwa kwenye makundi ili watoto warekodi shairi walilolitunga, ni zana ya kidijitali ya ubunifu. Kishikwambi kipya kinachomtaka mtoto aguse A, B au C ni zana ya kidijitali vilevile, ila ya kutahini.