Kila Mchezaji na Shabaha Yake: Ngoma, Kikoa na Maulidi katika Historia ya Langoni

Utangulizi

Mchezo wa pamoja huwakusanya watu wasiotaka kitu kimoja. Kuna aliyekuja kushinda, kuna aliyekuja kuonekana, kuna aliyekuja kusikiliza beti, na kuna aliyekuja kwa kuwa jirani zake wamekuja. Johan Huizinga, katika Homo Ludens (1938), alieleza mchezo kuwa ni tendo la hiari lenye mipaka ya mahali na wakati, na lenye kanuni zinazowafunga wote walioingia. Maelezo hayo yanatufaa, lakini yanaacha swali moja kando. Watu waliokubaliana juu ya kanuni na wakatofautiana juu ya shabaha huchezaje pamoja?

Swali hili halihusu pwani yetu peke yake. Tangu Dungeons & Dragons uchapishwe Marekani mwaka 1974, wachezaji wa michezo ya mezani, ambamo kila mmoja hujivika uhusika na mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi, wamekuwa wakilijadili: huyu anataka vita, yule anataka hadithi, wa tatu anataka mazungumzo tu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mji wa Lamu, na hasa mtaa wa Langoni, ulikabiliana na jambo hilo mapema zaidi, na kwamba ulifikia ufumbuzi unaostahili kuzingatiwa na wahakiki wa fasihi. Hoja yetu ni kuwa tofauti ya matarajio haivunji mchezo. Kinachouvunja ni mchezaji anayeficha kwamba yeye hachezi.

Mitaa miwili na ngoma za mashindano

Lamu imegawanyika kwa desturi katika pande mbili: Mkomani upande wa kaskazini, penye nyumba nyingi za mawe za koo kongwe, na Langoni upande wa kusini, palipokaa kwa wingi wageni kutoka Hadhramaut, Ngazija na visiwa vya Wabajuni, pamoja na watu waliotoka utumwani. Mgawanyo huu usikazwe kupita kiasi, kwani watu waliingiliana kwa ndoa, kwa biashara na kwa elimu. Hata hivyo, katika uwanja wa ngoma ulikuwa na nguvu. Terence Ranger (1975) ameonyesha jinsi beni ilivyochipuka katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu ikiwamo, katika miaka ya 1890, na jinsi ilivyojengwa juu ya desturi ya zamani zaidi ya pande mbili za mji kushindana kwa ngoma na mashairi.

Katika beni mchezaji alivaa cheo. Alikuwa mfalme, jenerali au amirali, akawa na sare yake na heshima yake ndani ya chama. Mtazamaji aliyeona sare tu aliweza kudhani kwamba huu ulikuwa mwigo wa Wazungu na basi. Ranger ametuonya dhidi ya usomaji huo mwepesi. Kwa mtu aliyezaliwa katika utumwa, uliokomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, cheo cha ngomani kilikuwa madai ya heshima ambayo mji ulikuwa bado haujampa. Kwa tajiri aliyetoa fedha za karamu, ngoma hiyohiyo ilikuwa njia ya kulinda jina. Kwa kijana ilikuwa furaha na muziki. Hapakuwa na haja ya watu hawa kuafikiana juu ya maana ya ngoma. Walichohitaji ni kujua lini inaanza, nani anashindana na nani, na nini kinahesabiwa kuwa ni ushindi.

Ushairi wa gungu ulitoa nyenzo nyingine, nayo ni fumbo. Mshairi alifumba, na mwenziwe akatakiwa kufumbua. Tungo moja iliweza kumridhisha aliyetaka wimbo, ikamsumbua aliyetaka hoja, na ikamchoma aliyelengwa, pasipo yeyote kulazimika kukiri alichokisikia. Kwa hiyo fumbo si pambo tu la lugha. Ni mapatano ya kijamii yanayowawezesha watu wenye matarajio tofauti kuketi katika ngoma moja. Tena ni mapatano ya haki, kwa kuwa kila aliyehudhuria alijua kwamba palikuwa na kufumba.

Kikoa cha Liyongo

Ushahidi wa upande wa pili tunaupata katika Utendi wa Fumo Liyongo, unaohusishwa na Muhamadi Kijuma, mwana wa Lamu aliyekuwa mshairi, mwandishi wa khati, mchonga mbao na mtu wa ngoma. Utendi huo ni wa mwaka 1913, ingawa kisa chenyewe ni cha kale zaidi.

Waliotumwa kumwua Liyongo hawakumwendea kwa silaha. Walimwalika katika kikoa, yaani kula kwa zamu. Chakula kilikuwa makoma, na kila mmoja alitakiwa kupanda mkoma siku yake ili kuwaangushia wenzake. Njama ilikuwa kwamba zamu ya Liyongo ikifika, naye akiwa juu mtini, wampige mishale. Liyongo hakupanda. Alitwaa upinde wake, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini, na wale waliomkusudia wakaingiwa na hofu.

Kisa hiki husomwa kwa kawaida kama sifa ya ushujaa au ya shabaha ya upinde. Sisi tunakisoma pia kama uchambuzi wa mchezo. Kikoa kina kanuni chache: zamu, usawa, na kumtegemea mwenzio. Wauaji walizifuata zote. Walipanda siku zao, wakagawa, wakala. Huizinga ameeleza kwamba jamii humvumilia mdanganyifu, ambaye angalau hujifanya anacheza, kuliko mtu anayeukataa mchezo waziwazi na kuuvunja. Utendi wetu unapindua kipimo hicho. Wa kuogopwa hapa ni yule anayefuata kila kanuni huku akiwa amekwisha kutoka mchezoni. Liyongo naye hakuvunja kikoa: makoma yalianguka na watu wakala. Alitimiza wajibu wa zamu yake na akakataa umbo ambalo lingemwua.

Baadaye, akiwa gerezani, Liyongo anaomba achezewe gungu na mwao. Wachezaji wanafurahia ngoma, walinzi wanadhani ni tamaa ya mwisho ya mfungwa, naye anakata minyororo kwa tupa aliyoletewa ndani ya mkate. Je, si udanganyifu uleule? Hatudhani hivyo. Wachezaji walipata ngoma waliyoijia, na hakuna miongoni mwao aliyetegwa. Aliyedanganywa ni mfungaji, ambaye hakuwa mchezaji.

Riyadha

Suala hili lilipata uzito mpya pale Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilil aliyetoka Ngazija, alipofanya makazi yake Langoni. Msikiti wa Riyadha ulijengwa huko mnamo mwanzo wa karne ya 20. Peter Lienhardt (1959) na Abdul Hamid el-Zein (1974) wameeleza ubishi uliozuka: sharifu aliwafundisha watu ambao baadhi ya wakubwa wa mji hawakupenda wafundishwe, na katika maulidi ya Habshi alikubali matwari. Waliozoea Barzanji inayosomwa kwa utulivu walitarajia adabu ya kimya. Waliotoka katika ngoma walitarajia kushiriki kwa mwili na sauti. Kilichokuwa kikiamuliwa si muziki tu, bali nani ana haki ya kumsifu Mtume kwa namna anayoijua.

Maulidi ya Lamu, yanayofanywa kila mwaka katika Mfungo Sita, yanaonyesha jibu lililopatikana. Kuna kisomo cha maulidi, kuna goma na kirumbizi katika uwanja wa nje, kuna ziara ya kaburi, na kuna zefe linalopita mjini. Kila shabaha imepewa mahali pake na saa yake. Mwanachuoni halazimiki kucheza kirumbizi, wala mcheza kirumbizi haambiwi kwamba amekuja kwa jambo duni. Utaratibu huu haukuwaridhisha wote, na ubishi juu ya ngoma na dini umeendelea kusikika pwani. Lakini ni ubishi ulio wazi, na kwa kuwa ni wazi unaweza kujibiwa.

Hitimisho

Tumeona njia tatu: kanuni zinazojulikana kabla ya ngoma, fumbo linaloruhusu maana nyingi, na mgawanyo wa mahali na wakati. Zote zinakubali kwamba wachezaji hawatataka kitu kimoja. Kikoa cha Liyongo kinaonyesha mpaka wa ukubalifu huo. Uhakiki wetu umezoea kuuliza ngoma au utendi una maana gani, kana kwamba maana ilikuwa moja kwa wote waliokuwapo. Historia ya Langoni inatutaka tuulize kwanza nani walikuwapo, kila mmoja alikuja kutafuta nini, na nani alijua shabaha ya mwenziwe.