Baruti Kidogo na Risasi ya Kalibu

Katika lugha yetu neno risasi lina maana mbili: ni madini ile laini, nzito, iyeyukayo upesi, tena ni kitu kirukacho kutoka katika bunduki. Wazee hawakuhitaji maneno mawili, kwa kuwa zamani zao vitu hivyo vilikuwa kimoja. Mwenye gobori aliyeyusha risasi motoni, akaimimina katika kalibu, akapata popoo. Kisha akatia baruti katika kasiba, akashindilia kwa mdeki, akaweka fataki, akapiga. Hata leo, hasa Marekani, wako watu wengi wanaojaza upya maganda ya bunduki zao kwa risasi za kalibu na baruti iliyopunguzwa, ili bunduki isiwapige sana begani wala isiwagharimu fedha nyingi. Twapenda kueleza jinsi watu walivyojifunza ni baruti ipi ifaayo kazi hiyo, maana kosa moja dogo katika jambo hili laweza kumpofusha mtu, au kumwua.

Baruti ya kale, ile nyeusi, ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Kwa kipimo chake nguvu yake si nyingi, basi ganda lilijazwa tele. Mwaka 1873 jeshi la Marekani lilichagua bunduki ambayo ganda lake lilichukua greni 70 za baruti, nazo greni 7,000 ni ratili moja. Lakini wapanda farasi walikuwa na bunduki fupi, nyepesi, iliyowapiga vibaya. Kwa hiyo wao walipewa greni 55 tu. Hivi ndivyo kipimo kilivyopunguzwa, na sheria yake ilikuwa moja: pasiwe na nafasi tupu kati ya baruti na risasi. Nafasi ikibaki, kasiba yaweza kuvimba au kupasuka. Mwenye gobori naye alishindilia popoo mpaka ikalie baruti kwa sababu iyo hiyo.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia. Alfred Nobel akafuata na ballistite mwaka 1887, na Waingereza wakapata cordite mwaka 1889. Faida ya kutokuwa na moshi ilionekana hata pwani yetu: katika vita vya Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mfano wa 1871, na moshi wa baruti nyeusi ulionyesha mahali walipo kila walipopiga.

Walakini baruti mpya ilikuwa na nguvu mara tatu hivi kuliko ile ya kale kwa uzito ule ule, na risasi tupu haikuweza kuistahimili. Iliparuzika katika michirizi ya kasiba na kuichafua. Hapo ndipo risasi ilipovikwa koti la shaba, kazi aliyoianza Eduard Rubin wa Uswisi katika miaka ya 1880. Lakini koti lina gharama, na mtu anayejifunza kulenga shabaha hahitaji nguvu ya vita. Watu wakairudia kalibu. Marekani, John Barlow, mwenye kiwanda cha Ideal, aliivika risasi ya kalibu kikombe kidogo cha shaba kitakoni, ili moto usiiyeyushe.

Ndipo lilipozuka swali la baruti. Ganda la bunduki mpya ni kubwa, nayo risasi laini yataka msukumo mdogo. Je, mtu aichukue tu baruti ya kawaida ya bunduki hiyo na kuitia nusu? Wako waliofanya hivyo, nao walikuta hatari wasiyoitazamia. Baruti iwakayo polepole imetengenezwa iwake vema pale inapobanwa katika ganda lililojaa. Ikiwa kidogo, hulala chini ya ganda. Fataki huiwasha isivyo sawa. Risasi huweza kusogea kidogo na kukwama, kisha mkazo ukapanda ghafula na bunduki ikapasuka. Wataalamu hawajapatana juu ya kila hatua ya jambo hili, ila wote wakataza kupunguza baruti za namna hiyo chini ya kipimo kilichoandikwa.

Baruti iwakayo upesi haina tabia hiyo, lakini ina hila yake. Kipimo chake ni kidogo mno, hata ganda moja laweza kupokea vipimo viwili au zaidi, wala macho yasitambue. Ikisahauliwa kabisa, fataki peke yake huisukuma risasi mpaka katikati ya kasiba. Ya pili ikifuata, kasiba hupasuka.

Kwa hiyo wenye busara walichagua njia ya kati. Unique, iliyotolewa mwaka 1900, huwaka upesi hata ikiwa kidogo, na vibapa vyake huchukua nafasi ya kutosha kuonekana. Ile iitwayo 2400, ya miaka ya 1930, ilipata sifa kwa kazi hiyo hiyo. H4895 ni baruti halisi ya bunduki, nao wenye kuiuza wameandika kwamba yaweza kupunguzwa hadi asilimia 60 ya kipimo chake cha juu. Ruhusa hiyo ni yake, wala si ya kila baruti. Baadaye ikaja Trail Boss, yenye chembe mfano wa pete, nyepesi, zinazojaza ganda hata mtu akitia vipimo viwili humwagika.

Waswahili husema, heri nusu shari kuliko shari kamili. Katika baruti methali hii hudanganya, maana nusu ya baruti isiyofaa yaweza kuwa shari kamili. Basi ajazaye ganda na afuate kitabu cha mtengenezaji, apime kila kipimo kwa mizani, na kabla ya kuweka risasi amulike ndani ya kila ganda. Asikisie kamwe. Wala baruti isiyo na moshi isitiwe katika gobori la babu, hata kidogo, kwa kuwa chuma chake hakikufanyizwa kwa nguvu hiyo.