Wageni wa Kaskazi katika Ghuba ya Mikindani

Tukisimama ufukoni Mikindani wakati wa maji kupwa, tangu Novemba hata Machi, twaona ndege wengi waliotawanyika juu ya matope mbele ya mikoko. Wako vitwitwi, wakimbiao mbio na kudonoa. Wako sululu wenye midomo mirefu iliyopindika. Tena kuna ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mweusi mnene, ambaye chakula chake ni kaa. Lakini ukifika mwezi wa Juni twaona wachache tu. Je, wengine huenda wapi?

Swali hili liliwashinda wenye elimu kwa karne nyingi. Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani, alifundisha kwamba mbayuwayu wengine hujificha mashimoni wakati wa baridi, na watu wa Ulaya wakasadiki hivyo muda mrefu. Hata mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, alipigwa korongo mmoja, naye akaonekana ana mkuki uliopenya shingoni mwake. Mkuki ule ulikuwa wa Afrika. Korongo yule amehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, naye ni shahidi asiyeweza kukanushwa.

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, jina lake Hans Christian Mortensen, alianza kuwavika ndege pete nyepesi zilizoandikwa hesabu na anwani. Kazi hiyo ikaenea. Mbayuwayu aliyevikwa pete Uingereza mwaka 1911 alikamatwa Natal, Afrika ya Kusini, mwaka 1912. Basi twaona kwamba Ulaya peke yake haikuweza kulijibu swali lile: nusu ya jibu ilikuwa huku kwetu, mikononi mwa aliyerusha mkuki na mwa aliyeiona pete.

Katika Tanganyika, R. E. Moreau alifika Amani, milima ya Usambara, mwaka 1928, akajifunza habari za ndege miaka mingi. Kitabu chake kikubwa juu ya safari za ndege baina ya Ulaya, Asia na Afrika kilitolewa mwaka 1972, baada ya kufa kwake.

Sasa twajua kwamba wengi wa vitwitwi wetu huzaliwa katika nchi za baridi kaskazini, hata Siberia. Baridi ikizidi huko, nchi huganda wasipate chakula, nao huja kwetu. Yule mla kaa hutoka karibu zaidi: hutaga katika pwani na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Oman na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Hivyo njia yake yafanana na ile ya majahazi ya zamani, yaliyokuja kwa kaskazi kutoka Arabuni na kurudi kwa kusi. Majahazi yale yamekoma, lakini ndege wangali wakisafiri.

Kabla ya kuondoka, ndege hawa hula sana mpaka wanenepe, maana mafuta ya mwilini ndiyo masurufu yao ya njiani. Mikoko ikikatwa ovyo na baruti ikiua viumbe vya baharini, msafiri huondoka na njaa, na mwenye njaa hafiki. Kwa sababu ya mambo kama hayo iliwekwa mwaka 2000 Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Lakini sheria peke yake haitoshi. Yataka macho ya wenyeji.

Basi, enyi wanafunzi, chukueni daftari. Andikeni siku mlipomwona sululu wa kwanza na siku mlipowakosa vitwitwi. Mwaka mmoja hautatuambia neno kubwa. Miaka kumi itatuambia kama wageni wetu wanazidi au wanapungua. Mgeni akiacha kuja, mwenye nyumba na aulize nyumbani mwake kwanza.