Akili Unde katika Andiko la Mradi: Hesabu za Mpunga Zitoke Kwenye Daftari la Kikundi

Na Mwandishi Wetu

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mkopo usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, hutakiwa kuwasilisha andiko la mradi. Mgawo wa fedha hizo ni asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kikundi cha wakoboaji wa mpunga katika Kata ya Lumemo, Halmashauri ya Mji wa Ifakara, kuandika andiko hilo kunaweza kuwa kazi nzito kuliko kuendesha mashine yenyewe.

Huduma za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, zimerahisisha kazi hiyo. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, mtu mwenye simu janja anaweza kueleza biashara yake kwa Kiswahili cha kawaida na kupata rasimu yenye lugha rasmi. Hatari haimo katika lugha. Imo katika tarakimu, kwa kuwa mahali mwombaji asipotoa takwimu, programu huweza kujaza za kubuni bila kutoa tahadhari.

Tuchukue mfano wa magunia 40 ya mpunga yenye kilo 100 kila moja, yaani kilo 4,000. Mpunga ukikobolewa hutoa mchele wa takriban asilimia 65, hivyo kikundi kitapata kilo 2,600, mbali na pumba. Rasimu ikihesabu kilo 4,000 kuwa mchele, kilo 1,400 zimeuzwa kwenye karatasi tu. Marejesho yakipangwa kwa hesabu hiyo, deni litabaki kwa wanakikundi, wala hakuna programu itakayoitwa kujieleza. Zaidi ya hayo, magunia ya lumbesa hayana kilo 100; mzani ndio utumike.

Inafaa basi kuiagiza programu hivi: “Tumia takwimu hizi pekee. Palipopungua, andika ‘haijajazwa’.” Kisha mhazini alinganishe kila tarakimu na daftari.

Daftari lenyewe linaweza kuhamishiwa kwenye simu bila mtaalamu wa kompyuta. Fomu ya mtandaoni, kama Google Forms, huandaliwa kwa kuchagua maswali (tarehe, kilo za mpunga zilizopokelewa, kilo za mchele zilizotoka, malipo) na majibu hujipanga yenyewe katika jedwali. Baada ya msimu mmoja, kikundi kitakuwa na kiwango chake halisi cha ukoboaji badala ya kile cha kukadiria.

Majina na namba za simu za wateja yasibandikwe katika programu za akili unde. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei, 2023, inaweka masharti ya kukusanya na kuchakata taarifa hizo, pamoja na kuzisafirisha nje ya nchi, ambako huduma nyingi za aina hii huendeshwa.

Kabla ya kuwasilisha andiko, kikundi kilipeleke kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kikiwa na daftari la mapokezi na stakabadhi za mauzo.