Sumu ya Pareto: Karne Moja ya Kulipima Ua la Njombe

Maua makavu ya pareto kutoka Makete na Njombe hupitia Makambako, kisha hushika barabara kuu hadi kiwandani Mafinga. Thamani ya mzigo huo haimo katika kilo pekee. Imo katika kiwango cha sumu, yaani pairethrini, ambazo kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 tu ya ua kavu.

Pareto asili yake ni Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo. Karne ya 19 unga wake uliuzwa Ulaya kwa kuulia viroboto na kunguni, ila kilichoua hakikujulikana. Mwaka 1924 wanakemia Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walichapisha utafiti uliofichua pairethrini za aina mbili.

Ikabaki kupima makali yake. Mwaka 1928 Marekani ilipata kipimo cha Peet na Grady: nzi huachiwa ndani ya chumba maalumu, dawa hupulizwa, kisha huhesabiwa walioanguka na waliokufa. Hesabu hizo mbili hazilingani. Pareto huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu akaanguka mara moja, lakini dozi ikiwa ndogo huzinduka. Mwaka 1940 ilibainika kuwa mafuta ya ufuta huiongezea nguvu.

Wakati huo zao lilikuwa limeshaota mizizi Kenya na kufika nyanda za juu za Tanganyika. Vita Kuu ya Pili ilipowafungia Wamarekani soko la Japani, Afrika Mashariki ndiyo iliyowapa pareto.

Vipimo vilionyesha pia mipaka yake. Mwili wa binadamu huivunja pairethrini upesi, na mwanga wa jua huiharibu. Samaki, hata hivyo, hufa kwa kiasi kidogo. Kwa kuiga umbo la pairethrini, watafiti wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza pamethrini mwaka 1973, dawa isiyoharibiwa upesi na jua, ambayo baadaye ilitiwa kwenye vyandarua vya mbu.

Hadi leo sumu ya pareto huanzia mikononi mwa mkulima. Ua likichumwa changa, au likikaushwa vibaya likaota ukungu, hakuna mtambo utakaorudisha kilichopotea. Ndiyo maana mkulima anastahili kuelezwa kipimo cha maua yake mwenyewe: kinampa nguvu ya kudai bei ya haki, na kumwonyesha pa kurekebisha msimu ujao.